Wale Tisa wa Majani

Kufika wiki ya sita, Joyness alikuwa amechoka na kila kitu cha ile shule. Alichoka na baridi ya Agosti, ile inayoshuka mlimani alfajiri ikakaa darasani mpaka saa tano kama mgeni asiyejua kuaga. Alichoka na kilima cha udongo mwekundu alichopanda kila siku kutoka kwenye chumba alichopangishwa na bibi mmoja mjane wa huko huko Uru, mlimani juu ya Moshi. Alichoka kuandika andalio la somo kwa kila kipindi, mkono ukimuuma. Zaidi ya yote alichoka na Mwalimu Wenseslaus.

Wenseslaus ndiye aliyekuwa mwalimu wa Darasa la Nne, akiwa amepanda nalo tangu la kwanza. Chuo kilipomleta Joyness kufanya mazoezi ya kufundisha kwa wiki nane, mwalimu mkuu alimkabidhi kwake ili amlee. Malezi yenyewe yalikuwa hivi: siku ya kwanza alimpa chaki na vitabu, siku ya pili akampa vipindi vyake vyote ishirini na nane, na siku ya tatu akahamia kwenye benchi la nje ya ofisi, upande linakopiga jua. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti nzuri ya kwaya na ng'ombe wawili wa maziwa nyumbani. Mchana akitafutwa, aliulizwa kwanza kwa ng'ombe.

Joyness mwenyewe hakuwa mtu wa mlimani. Alizaliwa kule chini kwenye mashamba ya miwa, katika nyumba za wafanyakazi, baba yake alikohamia kutoka Singida kuja kukata miwa. Kichagga hakukijua. Walimu walipokutana kwa chai ya saa nne walizungumza kwa lugha yao na kucheka, na katikati ya maneno yale alisikia "huyu wa field", yaani mwalimu wa mazoezi, likipita, akajua ni yeye anayesemwa. Aliinamia kikombe chake akanywa.

Jumatatu ya wiki hiyo ya sita alikaa kitandani akiwa ameshavaa kiatu kimoja, akaona cha pili hakiwezi. Akampigia simu Filemon, mwenzake wa chuo aliyepangiwa Kilema.

"Filemon, mimi narudi nyumbani."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka. Naona hata nikifundisha nisifundishe ni sawa tu."

"Dada, usilete utani," Filemon akasema. "Imebaki tathmini moja. Mkufunzi akishakuja akakupa maksi zako, hakuna mtu tena wa kukufuata huko juu. Wiki mbili za mwisho unakula bata, unashuka zako Moshi. Vaa viatu uende."

Akavaa. Si kwamba alipata nguvu. Alimwonea aibu Filemon tu.

Siku ile ile Wenseslaus alimwita kwenye benchi lake la juani. "Mkufunzi wako amepiga simu," alisema. "Anakuja Alhamisi, kipindi cha pili, Hisabati. Tutafanya kama mara ile."

Joyness alijua mara ile ni ipi. Katika wiki ya pili, mkufunzi Vedastus alipokuja kumtathmini kwa mara ya kwanza, Wenseslaus alisimama mlangoni kabla ya kipindi, akawaita watoto tisa wanaokaa nyuma. Hao tisa hawakujua kusoma. Wapo waliokuwa wakisoma herufi moja moja kama mtu anayehesabu mawe, na wapo ambao hata herufi hawakuzijua. Aliwapa miundu na kamba wakakate majani ya ng'ombe wake, na darasani wakabaki thelathini na wanne. Joyness akawafundisha somo ambalo alishalifundisha jana yake, kama alivyoelekezwa. Mikono ilinyooshwa kama migomba. Mkufunzi alimpa themanini na nne kwa mia, akamwambia ana kipaji. Jumamosi yake Joyness alishuka Moshi mjini akajinunulia chipsi kuku, akala peke yake kwa furaha. Kuhusu wale tisa hakuuliza, wala hakuna aliyeuliza.

"Kama mara ile," Wenseslaus alirudia. "Tunafunika kombe mwanaharamu apite. Au siyo?"

"Sawa, mwalimu," Joyness akasema. Ndiyo, alisema sawa. Baadaye neno hilo lilimuuma kuliko yote.

Jumatano, wakati wa mapumziko, alikuwa akifuta ubao aliposikia mtu nyuma yake. Alikuwa Redempta, mmoja wa wale tisa, msichana wa miaka kumi na mmoja, mrefu kuliko wenzake, mwenye mabega ya kubeba mikungu ya ndizi.

"Mwalimu, eti kesho mgeni anakuja?"

"Anakuja. Nani kakwambia?"

"Mwalimu Wenseslaus. Basi nije na kamba ya nyumbani? Ile yake imekatika."

Aliuliza bila kununa wala kulalamika, kama mtoto anayeuliza iwapo kesho ni zamu yake ya kuja na ufagio. Joyness alibaki ameshika dasta.

"Kamba ya nini, Redempta?"

Mtoto akamshangaa. "Ya majani, mwalimu. Sisi si ndio wa majani?"

Redempta alisubiri kidogo, kisha akakimbilia wenzake uwanjani. Damu ilimpanda Joyness kichwani mpaka masikio yakavuma. Kwanza alimkasirikia Wenseslaus, na benchi lake, na ng'ombe wake. Kisha hasira ikageuka ikamrudia mwenyewe. Themanini na nne! Maksi zile alizowatumia wazazi wake kwa meseji, mama yake akamjibu kwa aya ya Zaburi, zilikuwa maksi za kuwatoa watoto tisa darasani. Aliitupa dasta mezani, vumbi la chaki likaruka.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na manyunyu. Baada ya kutoka mstarini Wenseslaus alisimama penye mlango wa Darasa la Nne na miundu miwili mkononi.

"Wale wa majani, huku!"

"Waache, mwalimu," Joyness akasema. "Leo wanaingia."

Wenseslaus alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. Alimvuta pembeni, chini ya mchirizi wa bati. "Binti, unajua unachofanya? Hao hawajui hata a. Mkufunzi atawauliza, watakaa kama magogo, na wewe ndiye utakayeanguka. Mimi nakusaidia."

"Unawasaidia ng'ombe."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Uso wa Wenseslaus ukabadilika.

"Shauri yako," akasema. "Usije kunililia." Akaondoka na miundu yake.

Mkufunzi Vedastus alifika na pikipiki, suruali imechafuka matope hadi magotini. Alikwenda kukaa nyuma ya darasa, na nyuma ndiko walikokaa wale tisa, kwa hiyo alijibana kwenye dawati la Redempta. Joyness aliingia na chane la ndizi lenye ndizi kumi na mbili. Somo lilikuwa sehemu: nusu, theluthi, robo.

Alianza vizuri. Watoto wa mbele walijibu. Kisha akaandika swali ubaoni na, badala ya kumwita mmoja wa wale wanaojua, akamwita Redempta alisome. Redempta alisimama mbele ya ubao. Akaanza, "Ma... ma... mama," kisha akakwama. Mtoto mmoja akacheka, wengine wakafuata. Joyness aligeuka akawatazama, kicheko kikakatika.

"Tutasoma pamoja naye, neno kwa neno," akasema. "Atakayecheka atakuja kusimama hapa mbele."

Swali la mstari mmoja lilichukua dakika kumi na tano. Robo ya ndizi kumi na mbili ikachukua kumi nyingine, kwa sababu Redempta alisema nne, akahesabu upya, akasema tena nne, na Joyness akakataa kumkalisha mpaka azigawe zile ndizi kwa mikono yake mwenyewe kwa watoto wanne, tatu, tatu, tatu, tatu. Hapo kengele ikalia. Zoezi la kumalizia somo halikufanyika. Hata hitimisho hakulifikia.

Mkufunzi alimpa majibu nje, barazani, huku mvua ikidondoka. Hamsini na nane.

"Umerudi nyuma sana, Joyness. Muda hukuuzingatia. Hatua ya tathmini hukuifikia. Mwanafunzi mmoja amekula kipindi kizima." Alifunua fomu ya zamani, akakunja uso. "Na mbona hapa mahudhurio ni thelathini na wanne, leo ni arobaini na watatu? Wamehamia?"

Hapo angeweza kudanganya. Angesema walikuwa wagonjwa, na mambo yangeisha.

"Hawajahamia," Joyness akasema. "Siku ile walipelekwa kukata majani ya ng'ombe wa mwalimu, ili wewe usiwaone. Na mimi nilijua. Zile themanini na nne ni za uongo."

Vedastus alimtazama, akatazama mvua, akakifunga kifuniko cha kalamu yake.

"Hilo halina kipengele kwenye fomu yangu," alisema. "Mimi natathmini somo. Mambo ya shule ni ya shule." Akavaa kofia yake ngumu, akapanda pikipiki, akateremka.

Joyness alisimama pale barazani, hasira imemjaa. Halina kipengele! Watoto tisa wamefika darasa la nne bila kusoma, na fomu haina mahali pa kuwaandika!

Wahenga walisema hasira hasara, na mara nyingi ni kweli. Lakini Jumatatu iliyofuata, ile wiki ambayo Filemon alisema ni ya kula bata, Joyness aliamka saa kumi na moja kabla hata jogoo wa bibi hajawika. Uchovu uliokuwa umemkalia mwezi mzima hakuuona ulikokwenda. Hakukuwa na maksi tena za kutafuta wala mtu wa kumkagua, na kwa mara ya kwanza alijua anaamkia nini. Ijumaa alishawaambia wale tisa waje saa moja kasorobo, saa nzima kabla ya wenzao kuingia darasani. Alichana mifuko ya saruji aliyookota kwenye nyumba inayojengwa, akaandika silabi upande safi kwa herufi kubwa, akaibandika ukutani. Siku ya kwanza walikuja sita. Siku ya pili walikuja wote tisa. Siku ya tatu walikuta mlango umetiwa kufuli.

Hakuhitaji kuuliza ni nani. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Veronika, mama mmoja mpole aliyekuwa amebakiza miaka miwili astaafu na ambaye hakupenda kelele.

"Shikamoo, mwalimu. Darasa la Nne limefungwa."

"Marahaba. Mwalimu Wenseslaus anasema vifaa vinapotea asubuhi."

"Vifaa gani, mwalimu? Mle ndani mna madawati na ubao."

Veronika akahema. "Mwanangu, kaa chini. Wenseslaus ana miaka ishirini na miwili hapa. Wewe hujabakiza hata wiki mbili. Kwa nini usimalize kwa amani?"

"Ndiyo maana nina haraka," Joyness akasema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko inavyofaa mbele ya mkubwa. "Nisamehe, mwalimu. Lakini nitawafundisha hata kwenye majani yenyewe. Wazazi wakipita barabarani wakiniuliza kwa nini tuko nje, nitawaambia kwa nini."

Mwalimu mkuu alivuta droo, akatoa ufunguo wa akiba, akauweka mezani. Joyness aliuchukua kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka mbio.

Jumatano ya wiki ya mwisho alikuja mzazi. Aliingia bila hodi saa moja na robo, mwanamke aliyejifunga khanga juu ya koti, na alikuwa amekasirika tangu njiani. Alikuwa Eliza, mama yake Redempta, anayeuza ndizi sokoni Moshi.

"Ndiwe mwalimu wa field? Huyu mtoto siku ya nane leo anatoka nyumbani giza. Ng'ombe hajapewa majani, maji hayajachotwa. Nikimuuliza anasema anakwenda kujifunza kusoma. Kusoma! Darasa la nne! Ananidanganya nini huyu?"

"Hakudanganyi, mama."

"Hanidanganyi vipi?" Eliza alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye mkoba wake, ripoti ya mwezi wa sita. "Hii hapa. Wa ishirini na moja kati ya arobaini na watatu. Kiswahili hamsini na nne. Asiyejua kusoma anapataje hamsini na nne?"

Joyness aliitazama ile hamsini na nne iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa Wenseslaus. Alijua kwamba mwalimu hamsemi mwalimu mbele ya mzazi. Chuoni waliambiwa hivyo, na ofisini pia. Alimwita Redempta, akampa kitabu cha darasa la pili, akamwonyesha mstari.

"Msomee mama."

Redempta aliweka kidole. "Ba-ba... a-na... li-ma... sha-mba." Jasho lilimtoka puani. Alimaliza sentensi, akainua macho kwa fahari, maana ilikuwa sentensi yake ya kwanza nzima.

Mama yake hakuona fahari yoyote. Aliona mtoto wa darasa la nne amehangaika na maneno matatu. Akaikunja tena ile ripoti.

"Yuko wapi?" akauliza.

Wenseslaus alikuwa ofisini na walimu wengine, wakisaini kitabu cha mahudhurio. Kilichofuata shule nzima ilikisikia. Eliza alianza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kichagga, na kwa mara ya kwanza Joyness hakuhitaji kutafsiriwa. Alielewa "majani". Alielewa "ng'ombe", kwa kuwa Eliza alilisema kwa lugha zote mbili. Akaona ile ripoti ikipigwa mezani, ikapigwa tena. Wenseslaus alijaribu kusema kitu kuhusu watoto wazito. Eliza akamwambia, kwa Kiswahili ili kila mtu asikie: "Mtoto wangu anahesabu chenji ya sokoni kuliko wewe. Mzito ni yule aliyempa hamsini na nne akanilaza miaka minne!" Walimu wakatazama chini. Hakuna aliyecheka.

Kesho yake Eliza alirudi na wazazi wengine watano. Walikaa na mwalimu mkuu mlango ukiwa umefungwa, na walipotoka Veronika aliandika mwenyewe kwenye ratiba ya ukutani: kila siku, saa moja kasorobo, kusoma, Darasa la Nne, Mw. Wenseslaus. Adhabu nyingine hakupewa. Wenseslaus naye alijaza fomu ya Joyness ya mwisho, ile ambayo mwalimu mwenyeji hujaza, na penye nidhamu ya kazi akaandika: hana utii kwa wakubwa zake. Joyness aliisoma, akaisaini. Hesabu zote zikijumlishwa angefaulu kwa kuchechemea.

Ijumaa, siku ya mwisho, alimpelekea Wenseslaus daftari kwenye benchi lake. Ndani aliandika majina tisa na kila mmoja alipofikia. Wanne walishaweza kusoma sentensi fupi. Wawili walikuwa kwenye silabi. Watatu walikuwa hawajasogea, na aliandika hivyo hivyo, hawajasogea.

"Usidhani umewagundua wewe," Wenseslaus akasema kabla hajalipokea. Alikuwa bado anafukuta. "Nitawafundisha. Si kwa ajili yako."

Alifungua daftari, akasoma polepole, kidole kikishuka. Kisha akatingisha kichwa.

"Hapa umekosea. Umeandika Valerian hajui silabi za 'mba' na 'nda'. Anazijua. Anaona haya kusoma mbele ya Redempta, ni binamu yake. Msomeshe peke yake, utaona." Kidole kikashuka tena. "Na huyu Primus, umeandika hajasogea. Atasogeaje? Haoni ubaoni. Ana macho mabovu tangu la pili."

Joyness alimtazama. Wiki nane nzima alijiambia kwamba mtu huyu hawajui watoto wake. Alikuwa amempa, hata katika hasira zake zote, udhuru huo mmoja.

"Ulijua," akasema. "Tangu la pili ulijua haoni, na ukamwacha akae nyuma?"

Wenseslaus hakuinua macho. "Arobaini na watatu, mwalimu. Mwaka ujao hamsini. Kaa miaka ishirini na miwili ndipo uje uniulize."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita mwalimu. Siku nyingine ingemfurahisha. Sasa ilimchoma tu, maana aliyekuwa akiongea alikuwa mwalimu kweli, mzuri kuliko yeye, aliyechagua kukaa juani.

"Sitauliza," Joyness akasema.

Kengele ya kipindi cha mwisho ikalia. Angeweza kutokwenda, begi lilishafungwa, na Filemon alishashuka Moshi tangu Jumatano. Aliingia Darasa la Nne, akapita katikati ya watoto waliosimama kumwamkia, akafika nyuma kwa Primus. Akamwambia ashike madaftari yake. Kisha akalikamata lile dawati zito la mninga kwa mikono yake miwili, akaliburuta peke yake sakafuni, likilia kwa sauti ya kuumiza meno, mpaka mbele kabisa, kiasi cha mkono mmoja kutoka ubaoni. Dirishani, Wenseslaus alikuwa amesimama na daftari mkononi, akitazama.

"Kaa," Joyness akamwambia mtoto, akihema. "Sasa niambie unaona nini."